Barua ya wazi: Kila mtoto anayezaliwa Kigoma apimwe selimundu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Mkuu wa Mkoa wa Kigoma. Waheshimiwa wabunge na madiwani wa mkoa huu. Mganga Mkuu wa Mkoa. Na Wakurugenzi wa halmashauri zetu zote nane.

Waheshimiwa,

Shikamooni. Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kukaa nyuma ya lile dirisha dogo ambalo wagonjwa hupitishia vikopo na karatasi zao, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kuangalia damu za watu wa mkoa huu kwenye darubini. Naomba jambo moja: kila mtoto anayezaliwa Kigoma apimwe selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ama akiwa bado jengo la wazazi, ama atakapoletwa kwenye chanjo ya wiki ya 6, na atakayekutwa nayo aanzishiwe penisilini kabla hajafikisha miezi mitatu. Nitakayoyaeleza hapa chini ni sababu tu za kwa nini ombi hili si kubwa kama linavyosikika.

Nianze na damu yenyewe, maana kwenye vikao vyetu tukishasema "upungufu wa damu" huwa tunaishia hapo hapo, kila mtu akiwa na picha yake kichwani.

Seli nyekundu hutengenezwa kwenye uloto, ndani ya mifupa. Amri hutoka kwenye figo: zikihisi oksijeni imepungua, humwaga homoni iitwayo erithropoietini, na uloto unaongeza kasi. Seli changa huchukua kama wiki moja kukomaa. Hujijaza himoglobini, protini inayobeba oksijeni, halafu hufanya jambo ambalo mpaka leo linanishangaza: hukitoa nje kiini chake yenyewe. Ikishakitoa inabaki laini, ina nafasi ya kutosha ya mzigo wa oksijeni, na inaweza kujikunja ikapenya kwenye mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Mtu mzima mwenye afya hutengeneza kama milioni 2 za namna hiyo kila sekunde, na kila moja huishi siku zipatazo 120.

Mwenye selimundu kiwanda chake ni kizima, tena kinafanya kazi kupita kiasi. Tatizo liko kwenye himoglobini inayowekwa ndani. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alionyesha kwamba tofauti kati ya himoglobini ya kawaida na ile ya selimundu ni kipande kimoja tu kwenye mnyororo mzima: mahali pa sita, pale panapotakiwa asidi ya glutamiki, pamekaa valini. Basi. Kwa kosa hilo himoglobini ikishaachia oksijeni hushikamana na kuwa nyuzi, nyuzi zinaivuta seli ikawa ndefu na ngumu, na seli ya hivyo hukwama kwenye mishipa midogo. Inapokwama ndipo maumivu yalipo: kifuani, mgongoni, kwenye mifupa ya miguu, na kwa baadhi ya watoto kwenye ubongo. Badala ya siku 120, seli hizo huishi siku 10 hadi 20. Uloto unakimbizana na hasara hiyo usiku na mchana, na haushindi.

Ndiyo maana mtoto wa selimundu anaweza kuishi na himoglobini ya 7 au 8, chini sana ya kawaida, akacheza, akaenda shule, halafu wiki moja tu akaanguka. Kuna kirusi kinaitwa parvovirusi B19. Kikimwingia mtoto wa kawaida anapata mafua na vipele mashavuni, na mama anaweza asijue kitu. Kirusi hicho hushambulia zile seli changa kwenye uloto na kusimamisha uzalishaji kwa siku saba hadi kumi. Mtoto ambaye seli zake huishi siku 120 ana akiba ya kutosha. Ambaye za kwake huishi siku 15, fanyeni hesabu wenyewe. Anafika kwetu amepauka mpaka viganja, na kama hakuna anayejua hali yake, tunaanza kutafuta malaria.

Na malaria mara nyingi tunaipata, kwa sababu tuko Kigoma. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta asilimia 24 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wana vimelea, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Hayo mawili hayakukutana kwa bahati mbaya. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954, kwa damu alizokusanya Afrika Mashariki, kwamba kinasaba cha selimundu kimeenea palepale malaria ilipoenea, kwa kuwa anayerithi nusu yake, kwa mzazi mmoja tu, anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Aliyerithi pande zote mbili habari yake ni nyingine. Damu yake haina akiba, na malaria ikimfika hadi kulazwa, inaweza kuwa ndiyo mwisho.

Hilo la mwisho halikutoka kwenye vitabu vya Ulaya. Lilitoka Muhimbili.

Waheshimiwa, wengi wenu mnamfahamu Profesa Julie Makani, ama mmewahi kukaa naye meza moja. Ni mtoto wa Arusha, alisoma udaktari Muhimbili, akaenda Hammersmith na Oxford, na akarudi. Kurudi kwenyewe naona ni jambo la kuandika, maana wangapi hawarudi? Kuanzia mwaka 2004 yeye na wenzake walianza kuandikisha wagonjwa wa selimundu pale Muhimbili na kuwafuatilia mwaka hadi mwaka: himoglobini, maumivu, kulazwa, kuongezewa damu, kufariki. Kabla ya hapo mwalimu wa chuo akitufundisha selimundu alitupa takwimu za watoto wa Jamaica na Marekani, ambako hakuna malaria kama yetu. Sasa tukawa na za kwetu, kutoka kwa maelfu ya wagonjwa. Mwaka 2011 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Royal Society Pfizer.

Walikuta nini? Mwaka huohuo wa 2011 walichapisha hesabu ya vifo. Kwa wagonjwa wote kwa pamoja, katika kila 100 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja walifariki kama 1.9. Kwa walio chini ya miaka mitano walifariki 7.3. Naomba namba hizo mzisome mara mbili. Mkumbuke pia kwamba hao ni watoto waliokwisha kutambuliwa, wana kadi, wana daktari, wako Dar es Salaam. Aliyefia njiani kati ya kijiji cha Kalya na hospitali hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Walikuta pia kwamba wenye himoglobini ya chini sana, pungufu ya 5, ndio waliokuwa hatarini zaidi. Na wakiwa pamoja na watafiti wa Uingereza walichunguza kwa nini baadhi ya Watanzania wenye selimundu hawaumwi sana kama wenzao. Jibu kwa sehemu kubwa liko kwenye himoglobini anayoitumia mtoto akiwa bado tumboni. Sote tulizaliwa nayo kwa wingi. Inapungua taratibu miezi ya kwanza, na kwa wengi hufika karibu na sifuri. Himoglobini hiyo ya tumboni haishikamani kuwa nyuzi. Kuna watu ambao mwili wao hauizimi kabisa, na sehemu za vinasaba zinazohusika na swichi hiyo, mojawapo ikiitwa BCL11A, zilionekana zikifanya kazi kwa wagonjwa wa Dar es Salaam kama zilivyoonekana kwa wagonjwa wa London.

Hapo hapo kwenye swichi hiyo ndipo wenye fedha wamekwenda kugusa. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri vinasaba kwa selimundu: zinachukuliwa seli mama za damu yako, BCL11A inaguswa, unarudishiwa. Bei Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nawapongeza waliofika huko. Nawapongeza pia wenzetu wa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, walioanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu hapa hapa nchini. Lakini siandiki kuomba hayo. Mtoto wa kijiji cha Kagunga hawezi kufikishwa Dodoma kupandikizwa uloto ikiwa hakuna aliyewahi kujua anaumwa nini.

Sasa nije kwenye namba ya upande wetu wa nchi. Mnajua kwamba mtoto wa mama mwenye VVU huchomwa kisigino, damu inadondoshewa kwenye karatasi maalumu, inakauka, karatasi inasafirishwa kwenda maabara kubwa. Watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walipata wazo zuri, na kwa mtu wa maabara nasema ni wazo la kuwaonea wivu: wakachukua maelfu ya matone hayo yaliyokauka, yaliyobaki baada ya kipimo cha VVU, kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi mwa nchi, wakayapima selimundu. Walikuta mtoto mmoja katika kila watano amerithi kinasaba kwa mzazi mmoja, na asilimia 1.2 wana ugonjwa kamili.

Nimewahi kumsikia mkubwa mmoja akisema namba hizo zimekuzwa. Hazijakuzwa, na huhitaji kompyuta kuzihakiki. Ikiwa mmoja katika watano anabeba kinasaba, basi katika kila ndoa 25 moja ni ya wabebaji wawili, maana tano mara tano ni 25. Ndoa hiyo, kila mimba, ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Ishirini na tano mara nne ni mia. Mmoja katika mia. Hesabu ya darasa la saba inatufikisha palepale walipofika Bugando kwa mashine.

Mkoa wetu una karibu watu milioni 2.5 kwa sensa ya mwaka 2022, na tunazaa, hilo mnalijua. Mmoja katika kila mia ya watoto waliojaa kwenye majengo ya wazazi ya Kasulu, Kibondo, Uvinza, Buhigwe. Kuna magonjwa tuliyoyajengea programu nzima, yenye magari na fulana, ambayo hayana namba hii.

Na sisi huku kwenye vituo vya afya tunapima vipi? Nataka mkijue kipimo chenyewe, kwa sababu nadhani baadhi yenu mkiambiwa "selimundu inapimwa" mnaridhika.

Nachukua tone la damu ya mtoto, nalichanganya kwenye kioo na tone la metabisalfiti ya sodiamu, dawa inayonyonya oksijeni. Nafunika na kioo chembamba juu. Kingo zote naziziba ili hewa isiingie, kwa nta, au kwa rangi ya kucha tukikosa nta. (Wauguzi wetu wameshazoea, mtu wa maabara akija na tabasamu saa nne asubuhi wanajua anataka rangi ya kucha.) Naiacha nusu saa, naiweka chini ya darubini. Mwanzoni seli ni za duara, zimekaa kwa utulivu. Ukiendelea kutazama unaona moja inachongoka upande, nyingine inajipinda, baada ya muda uwanja mzima una vimundu. Naandika "chanya".

Ubaya ni kwamba damu ya mbebaji asiye mgonjwa nayo hupinda humo kwenye kioo, kwa sababu nimeinyang'anya oksijeni kwa nguvu. Kipimo hiki hakitofautishi mgonjwa na mbebaji. Kwa kichanga ni kibaya zaidi: bado amejaa himoglobini ya tumboni, seli zake zinaweza zisipinde, nikaandika "hasi", mama akaondoka anamshukuru Mungu, na mtoto akarudi na miezi saba vidole vimevimba vyote vya mikono na miguu.

Siku moja alikuja baba wa kijiji cha mwambao na mkewe na mtoto wa miaka miwili. Karatasi ikasomeka chanya. Baba akasogea dirishani, akanong'ona: "Dokta, hii chanya imetoka kwangu au kwake?" Nikamwambia kama mtoto ni mgonjwa kweli, basi imetoka kwenu wote wawili, hakuna namna nyingine, na kama si mgonjwa, basi kwa mmoja wenu, na hana kosa lolote. "Sasa ni mgonjwa au si mgonjwa?" Hilo ndilo swali, na kifaa nilichokuwa nacho mezani hakikuwa na uwezo wa kulijibu. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi amemgeuzia mumewe mgongo. Alishajua mazungumzo yanaelekea wapi, maana nyumba ngapi huku kwetu zimevunjika kwa karatasi kama ile, mwanamke akirudishwa kwao kwamba ukoo wao una damu mbaya? Wengine hawafiki hata kwetu. Vidole vya mtoto vikivimba wanaambiwa kuna jirani amemloga.

Vipimo vya kujibu lile swali vipo. Ni vile vya haraka, vya ukanda kama wa malaria, tone moja la damu ya kisigino na dakika chache, na vinaonyesha kama mtoto ni mzima, mbebaji au mgonjwa, hata akiwa na siku moja duniani. Bei yake inahesabiwa kwa dola chache. Anayetoka mgonjwa, tone lake lingine linakaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara kubwa kuthibitishwa. Usafiri wa karatasi hizo upo tayari. Ni uleule unaobeba za VVU kutoka kwenye vituo vyetu, zikiwamo zile zinazovuka ziwa na boti hadi Kibirizi ndipo zipande gari. Sijaomba gari jipya wala jengo jipya. Ajira mpya sitazikataa, lakini hazimo kwenye barua hii.

Kuna ofisi moja, sitaitaja, niliyoiandikia kuhusu vipimo hivi. Nilijibiwa kwa mdomo kwamba hata tukiwatambua watoto hatuna cha kuwafanyia, hivyo tutawapa wazazi hofu bure. Hoja hiyo nimeisikia kwa watu wenye akili na nia njema, kwa hiyo naijibu kwa kirefu.

Kinachoanza kuwaua watoto hawa wadogo ni bakteria, hasa numokoka. Bandama zao huharibika mapema kwa kuzibwa na zile seli ngumu, na bandama ndiyo inayochuja bakteria hao kwenye damu. Mwaka 1986 Marekani walichapisha utafiti wa watoto waliopewa penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku. Maambukizi hayo yalipungua kwa asilimia 84, na utafiti ukasitishwa kabla ya muda wake kwa sababu ilishaonekana si haki kuendelea kuwanyima nusu ya watoto. Penisilini, waheshimiwa. Ni miongoni mwa dawa kongwe na rahisi tulizonazo. Inatakiwa ianze mwezi wa pili au wa tatu, iendelee mpaka miaka mitano. Chanjo ya numokoka tunayo kwenye ratiba yetu ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 tangu mwaka 2013, na imesaidia, lakini haimalizi aina zote za bakteria huyo. Kliniki ileile inayomchanja mtoto ndiyo itakayompa mama yake chupa ya penisilini, siku ileile.

Cha pili ni kumfundisha mama kupapasa tumbo la mwanawe. Bandama inaweza kumeza damu ya mtoto kwa saa chache ikavimba upande wa kushoto chini ya mbavu, na mtoto akafa kabla ya jua kuzama. Mama aliyefundishwa huigundua kwa vidole vyake, na akaondoka mapema. Hili halina gharama yoyote, linahitaji tu ajulikane ni mama gani wa kufundishwa.

Cha tatu ni haidroksiurea. Dawa hii huirudisha kwa kiasi ile himoglobini ya tumboni niliyoieleza. Marekani iliidhinisha kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998. Tulikaa miaka mingi tukijiuliza kama ni salama kwa mtoto wa Kiafrika mwenye malaria na lishe duni, mpaka matokeo ya utafiti wa REACH yalipotoka mwaka 2019, kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na hata malaria ilipungua. Kinshasa na Mbale, walikofuatiliwa baadhi ya watoto hao, si mbali na sisi kwa hali ya maisha. Dawa inataka uangalizi, sikatai, maana inaweza kushusha seli nyeupe na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hivyo mtoto lazima apimwe picha nzima ya damu kila baada ya muda. Mashine za kupimia tunazo. Huwa zinalala kwa kukosa vitendanishi, na hilo Bohari ya Dawa na halmashauri mnaweza kulimaliza bila kumsubiri mfadhili.

Pamoja na hayo kuna mambo ya kuacha. Mtoto anakuja na himoglobini 7, anaandikiwa vidonge vya madini ya chuma, anarudi na 7, anaongezewa vingine. Kwa mwenye selimundu chuma cha seli zilizovunjika kinabaki mwilini. Akiwa ameongezewa damu mara nyingi kinaweza hata kuzidi na kudhuru ini na moyo. Wapo wanaopungukiwa chuma kweli, lakini mtoto hapaswi kupewa kwa mazoea. Anachohitaji zaidi ni asidi ya foliki, kwa kuwa uloto wake unazalisha bila kupumzika. Tena damu ya kuongezewa: kituo cha kanda ya Magharibi cha damu salama kiko Tabora, na kila chupa anayopewa mtoto ambaye angeweza kutibiwa mapema asifikie kuongezewa damu ni chupa ambayo mama anayetokwa na damu wakati wa kujifungua ameikosa. Tunaokoa pande mbili.

Msiwasahau wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu imejaa watu wa Kongo, na Kongo ni kati ya nchi zenye wagonjwa wengi wa selimundu duniani. Watoto wanaozaliwa kambini wanachanjwa kwa ratiba hiyohiyo. Wapimwe kwa utaratibu huohuo.

Kuhusu kampeni za "pimeni kabla ya kuoana", mimi ni mmoja wa wasiozishangilia sana. Ushauri ni mzuri, vijana wapewe, hasa sekondari ambako wanasoma vinasaba kwenye baiolojia lakini hawaambiwi kwamba mfano wa ubaoni ni wao wenyewe. Ila mkianzia hapo mkaishia hapo, mtakuwa mmewabebesha wachumba mzigo wa serikali. Watu wataoana. Watoto watazaliwa. Anzieni kwa aliyekwisha kuzaliwa.

Ninachoomba kiandikwe kwenye karatasi ni hiki. Halmashauri zote nane ziweke kwenye mpango kabambe wa afya mstari wa vipimo vya haraka vya selimundu kwa idadi ya watoto wanaozaliwa vituoni, si kwa idadi ya kubahatisha. Penisilini ya kunywa ya watoto na haidroksiurea ziingie kwenye maoteo ya dawa ya mwaka, kwa jina. Matokeo ya kipimo yaandikwe kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, kwa herufi ambazo muuguzi wa zahanati yoyote atazielewa. Kila wilaya iwe na siku moja ya kliniki ya selimundu, hata kama ni mara moja kwa mwezi, yenye mtu anayejulikana kwa cheo kwamba ndiye mwenye rejista. Na Wizara ituletee waalimu kutoka Muhimbili au Bugando watufundishe wiki moja. Tutawalaza, na samaki wetu wa migebuka hawatawakosa.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na vikao vya kuandaa mipango ya halmashauri hukaa miezi mingi kabla ya hapo. Kwa hiyo jibu la "tumelipokea, tutalifanyia kazi" litanikuta bajeti imeshapita. Naomba nijibiwe kwa maandishi. Nikikataliwa, naomba nioneshwe kwenye bajeti ni mstari upi uliopewa nafasi hiyo, na ni nani aliyesaini.

Wenu katika kazi,

Mteknolojia wa maabara,
Kituo cha afya, Mkoa wa Kigoma